Funga macho kwanza, halafu uniambie amplifaya gani ni kali

Wasee wangu, hii posti ilinigharimu pesa kabla hata sijaiandika, kwa hivyo isomeni mpaka mwisho.

Kila wiki lazima nipate meseji ya aina hii: "Niko na spika poa, sasa ninunue amplifaya gani ndio sauti iwe safi?" Wengine mnatuma picha za mashine za laki mbili, laki tatu, zenye kioo mbele na taa ya bluu. Leo nawajibu wote mara moja. Kama amplifaya haina ubovu, ina nguvu ya kutosha spika zako, na huisukumi kupita uwezo wake, masikio yako hayataitofautisha na ile ya bei mara mia. Ukiona unaitofautisha, mara nyingi ni kwa sababu moja inapiga juu kidogo kuliko nyingine, au ni kwa sababu unaiona.

Najua kuna wenye washaokota mawe. Shikilieni kwanza.

Miezi michache iliyopita duka moja la Nairobi, ambalo sitalitaja, lilinitumia amplifaya ya shilingi 400,000 nikae nayo wiki mbili. Mpango ulikuwa nifanye video, niilinganishe na mashine za kawaida, niseme tofauti ni mbingu na ardhi. Wangenilipa 40,000, na kila mtu akinunua kupitia kwangu nipate kitu kidogo juu. Elfu arobaini kwangu si pesa ya kuchezea. Huku Konza hiyo ni kodi ya miezi kadhaa, na stima na bando ndani yake. Nikawaambia sawa, lakini nitasikiza kwanza. Wakasema sikiza tu, hakuna shida.

Mtu wa kwanza kutaka kuinunua akawa mjomba wangu.

Mjomba ni mwalimu mstaafu, na ndiye alinifunza kusikiza muziki. Nikiwa mdogo, Ijumaa jioni angefungulia benga ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, na sisi watoto tumekaa kwa sakafu ya simiti. Angetuuliza: "Mmesikia gita la pili limeingia wapi?" Mashine yake ni NAD 3020. Kama huijui, ni amplifaya iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970, wati 20 kila upande, sura kama kitu cha ofisi ya chifu, bei ya mtu wa kawaida. Haikuwa na urembo wowote na ikauza zaidi ya milioni moja duniani. Ya mjomba ilikuja kama mtumba kutoka Uingereza, na ameikalisha kwa meza moja tangu kabla nizaliwe.

Siku hiyo alikuja kwangu akaona boksi jipya, akauliza bei. Nikamwambia. Hakushtuka. Akasema, "Pesa yangu ya kustaafu imeingia. Nimekula chaki miaka thelathini na nne. Wewe niambie ukweli tu, kijana yangu: hii itanipa kitu ambacho ile yangu hainipi?"

Sasa hapo utajibu aje? Dili ya 40,000 iko kwa simu, na mtu aliyekununulia viatu vya kwanza vya shule amekukalia mbele anangoja jibu.

Nikamwambia, "Mjomba, nipe wiki moja. Tutapima."

Kabla sijaeleza tulivyopima, tuelewane amplifaya hufanya nini. Inachukua umeme mdogo sana wenye umbo la muziki, kutoka kwa simu au redio, na kuutoa mkubwa wenye umbo lile lile ili usukume spika. Basi. Wahandisi wana msemo wa zamani kwamba amplifaya bora ni kama waya mnyoofu unaoongeza nguvu peke yake. Ikiongeza kitu kingine chochote, utamu, joto, sijui upana, basi imebadilisha kile mwanamuziki alirekodi. Na kubadilisha huko kunapimika.

Ninasema hivi nikijua mtaniuliza mimi ni nani. Nilisoma uhandisi wa umeme mihula minne kabla karo inikatize. Digrii sina. Lakini maltimita haijawahi kuniuliza cheti, na hesabu zote nitakazoweka hapa unaweza kuzirudia kwa kalkuleta ya simu.

Mashine zilikuwa tatu. Ya kwanza NAD ya mjomba, ambayo fundi aliisafisha nobu ya sauti kwanza kwa sababu ilikuwa inakwaruza. Ya pili ile ya laki nne. Ya tatu ilikuwa bodi ndogo ya chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments, zile bodi ukubwa wa kiganja mafundi hufungia watu kwa redio. Niliifunga ndani ya kopo la biskuti na kuipatia chaja ya laptop ya volti 19. Yote ilinitoka ngiri tatu na chenji. Ukipiga hesabu, chaja hiyo kwa spika ya omu 8 inatoa volti kama 18 kwenye kilele: 18 mara 18, gawanya kwa 16, unapata wati 20. Kwa hivyo kopo la biskuti na NAD ni saizi moja kwa nguvu. Spika zilikuwa moja tu kwa wote, zile za mjomba, omu 8.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo video karibu zote za kulinganisha amplifaya huharibika. Ukizungusha nobu mpaka uone mashine mbili "zinatoshana", bado hazitoshani. Na sikio lina tabia moja mbaya: sauti ikizidi kwa kiasi kidogo sana, nusu desibeli hivi, huisikii kama imezidi. Unaisikia kama imekuwa tamu zaidi, besi imejaa, mwimbaji amesogea mbele. Muuzaji anayejua kazi yake anaweza kukuuzia kitu chochote kwa nusu desibeli.

Kwa hivyo tulicheza mlio mmoja usiobadilika, nikaweka maltimita kwenye nyaya za spika, nikazungusha sauti hadi isome volti 2.00. Nikafanya hivyo kwa kila mashine. Volti 2.05 hapana. 2.00. Halafu nikaziba nobu zote na selotepu. Na kwa wale wa hesabu: volti 2 kwa spika ya omu 8 ni nusu wati. Nusu wati tu, na jirani alikuwa anajua tunasikiza nini.

Kitu kingine kwa wale watajaribu nyumbani: hizi bodi ndogo zina umeme kwa waya zote mbili za spika, hakuna waya wa chini. Swichi yako lazima ikate nyaya zote mbili. Ukiunganisha waya mweusi wa bodi na waya mweusi wa amplifaya nyingine, utanuka moshi kabla ya wimbo kuanza.

Mashine zote zilikuwa nyuma ya shuka. Binamu yangu alikaa huko nyuma na sarafu ya shilingi ishirini, anarusha, anaandika kwa daftari. Wewe unasikiza A, unasikiza B, halafu unapewa X ambayo ni mojawapo ya hizo mbili. Sema X ni nani. Rudia mara 16. Kwa nini 16? Kwa sababu mtu anayebahatisha tu atapata kama 8, na kupata 12 au zaidi kwa bahati hutokea chini ya mara 4 kati ya 100. Tukakubaliana: ukifika 12, umesikia kitu. Hakuna saa, sikiza ukitaka dakika tano, rudi ukitaka mara ishirini, chagua wimbo wako mwenyewe.

Konza ni mahali pazuri pa kazi kama hii. Wengi mnaijua kwa habari za ule mji wa teknolojia, ekari 5,000, uliozinduliwa Januari 2013. Sisi wenye tunaishi hapa tunaijua kwa upepo, vumbi na kimya. Usiku ukitoa treni ya mizigo na lori la Mombasa Road likishuka gia, hakuna kitu. Hiyo nafasi ya kusikia sauti ndogo Nairobi haupati hata ukiilipia.

Wasikizaji tulikuwa watano. Mjomba. Mimi. Dada mmoja anayepiga kinanda kanisani. Prodyusa mmoja wa Malili. Na jamaa yangu anayechezesha muziki kwa matatu, ambaye alikuja akiwa ameshaamua.

Tulianza na macho wazi, shuka imetolewa. Manze, kila mtu alisikia tofauti! Ile ya laki nne ilikuwa na "besi inayoshika". Dada wa kinanda akasema vinanda "vinapumua". NAD ikaitwa ya kizamani lakini tamu. Kopo la biskuti likaitwa kavu, la plastiki. Mimi pia niliisikia hiyo ukavu, ninaapa. Halafu nikamwambia jamaa wa matatu, "Sasa nakurudishia ile kali," nikabonyeza swichi ambayo haikuwa imeunganishwa na kitu chochote. Akatikisa kichwa, akafunga macho, akasema, "Wacha we! Hapo sasa!"

Tulikuwa bado tunasikiza kopo la biskuti.

Simcheki. Hiyo ndiyo kazi ya ubongo. Hausikii kwa masikio pekee. Ukijua bei, bei inaingia ndani ya wimbo. Ukijua uzito wa mashine, uzito unaingia kwa besi. Na kitu hiki kinampata hata mtu aliyefanya kazi ya sauti maisha yake yote.

Tukashusha shuka. NAD dhidi ya ile ya laki nne: dada wa kinanda alipata 10, mjomba 9, jamaa wa matatu 8, mimi 7, prodyusa 6. Hakuna aliyefika 12. Kopo la biskuti dhidi ya ile ya laki nne: hakuna aliyefika 12. Jumla ya majibu sahihi ilikuwa karibu nusu, yaani tungeachia sarafu ikajibu na bado tungekuwa sawa. Prodyusa aliomba kurudia na kibao chake mwenyewe, kitu amekichanganya kwa mikono yake na anakijua sekunde kwa sekunde. Tukamrudishia. Akapata 8. Akavua hedifoni aliyokuwa ameivaa shingoni, akaenda nje kupigwa na upepo kidogo.

Sasa, kusema ukweli wote, kulikuwa na mashine ya nne. Mzee mmoja wa Athi River anayekusanya vitu vya zamani alituletea amplifaya ya valvu, zile taa za glasi zinazowaka rangi ya chungwa. Hiyo tuliitambua bila shida. Watu watatu walifikisha 15 na 16. Kwa hivyo mtu asiniambie spika zilikuwa mbovu au masikio yetu yameziba. Kitu kikiwa na tofauti ya kweli, tulikisikia.

Na sababu yake si uchawi. Spika ikiandikwa omu 8, hiyo ni namba ya jina tu. Kwa masafa fulani inaweza kushuka hadi 6, kwingine ikapanda hadi 30. Amplifaya ya transista ina ukinzani mdogo sana ndani yake, kwa hivyo haijali. Nyingi za valvu zina ukinzani mkubwa zaidi. Tuseme ni omu 2. Mahali spika ni omu 6, inapata 6 kati ya 8 za umeme, robo tatu. Mahali spika ni omu 30, inapata 30 kati ya 32. Tofauti hapo ni karibu desibeli 2, na desibeli 2 zinasikika wazi. Kwa hivyo hiyo "joto ya valvu" mara nyingi ni amplifaya inayopandisha sehemu fulani za wimbo kulingana na spika uliyoiunganishia. Kama unaipenda, ipende. Ila ekwalaiza ya simu yako inaweza kukupa kitu kama hicho bure.

Kuna mtu alishaonyesha hii zamani. Mwaka 1985, mhandisi wa Marekani Bob Carver aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile wamletee amplifaya yoyote ya bei, yeye ataifanya yake ya transista ya bei nafuu isikike vile vile. Wakamletea ya valvu, ghali. Akajifungia hotelini siku mbili hivi, akapima tofauti kati ya hizo mbili, akairekebisha yake hadi tofauti ikakaribia kupotea. Wahariri walisikiza wakashindwa kuzitenganisha.

Si yeye peke yake. Mwaka 1978 Waingereza wa Quad walilinganisha vizazi vitatu vya mashine zao: Quad II ya valvu ya 1953, na 303 na 405 za transista zilizofuata miaka ya 1960 na 1970. Waliosikiza bila kujua ipi ni ipi walishindwa kuzitambua. Januari 1987 jarida la Stereo Review likafanya jaribio lao, kuanzia risiva ya Pioneer ya dola kama 220 hadi mashine za valvu za dola 12,000. Walialika wanaoamini na wasioamini. Majibu yalitoka kama ya kurusha sarafu. Na kuna jamaa anaitwa Richard Clark, mtu wa muziki wa magari, ambaye kwa miaka mingi aliweka dola 10,000 mezani kwa yeyote atakayetofautisha amplifaya mbili zilizosawazishwa bila kuona. Watu wengi walijaribu. Hakuna aliyezibeba.

Basi najua mtakachosema. "Lazima ikae wiki kadhaa ndio ifunguke." Ile ya laki nne ilikaa ikicheza mchana na usiku siku tano kabla tuanze. "Haraka haraka haiwezekani kusikia vizuri." Hakukuwa na saa. "Mnahitaji spika za milioni." Inawezekana kuna spika ngumu sana kuendesha ambazo zingemshinda NAD na kopo. Lakini hapo tunaongea nguvu, na nguvu ni hesabu.

Tuiongee hiyo nguvu basi, kwa sababu ndipo pesa zenu zinapoibiwa kweli.

Chukua spika ya kawaida inayotoa desibeli 88 ukiipa wati 1 ukiwa mita moja. Kila ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu. Wati 20 zinakupa 101. Wati 100 zinakupa 108. Na ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji karibu wati mara kumi. Kwa hivyo kutoka wati 20 hadi 40, ambayo dukani inaonekana kama kuruka ngazi nzima, nyumbani ni kidogo sana.

Amplifaya ndogo ikisukumwa kupita uwezo wake, hapo ndipo utaisikia. Mawimbi ya muziki yanakatwa vichwa, sauti inakuwa chafu, inauma, na twita zinaweza kuungua. Kama unapigia harusi uwanjani au unataka kuamsha ploti nzima, nunua wati za kutosha. Kwa keja ya vyumba viwili, wati 20 za kweli zinatosha na zinabaki.

Nimesema za kweli. Tembea Luthuli Avenue usome maboksi: wati 8,000, wati 12,000, na kando herufi ndogo PMPO. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya 13A. 13 mara volti 240 ni wati 3,120. Hiyo ndiyo nguvu yote ambayo soketi yako inaweza kutoa bila fyuzi kulipuka, na hiyo ni pamoja na ile inayopotea kama joto. Wufa ya wati 12,000 itazitoa wapi? Geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma. Mara nyingi utakuta kimeandikwa inakula wati 60 au 80. Haiwezi kutoa zaidi ya inachokula. Hiyo namba ya nyuma ndiyo ya kuamini, ile ya mbele ni mapambo.

Sasa pesa iende wapi? Iende kwa spika, halafu kwa chumba. Spika mbili tofauti utazitofautisha ukiwa jikoni unakaanga vitunguu, hauhitaji sarafu wala shuka. Na chumba ndicho hakuna anayekitaja kwa sababu hakuna anayekiuza. Nyumba nyingi za huku ni mawe, sakafu ya simiti, paa la mabati. Simama katikati upige makofi mara moja. Ukisikia makofi yanarudi yakikwaruza, hicho ndicho kinachoharibu muziki wako, na amplifaya ya laki nne itakucheza hicho hicho kwa uaminifu mkubwa.

Kwa mjomba tulivuta spika kutoka kwa kona za ukuta, tukazipandisha hadi usawa wa masikio, tukatandika zulia, tukaweka pazia zito, na kabati la vitabu vyake vya kufundishia likahamia ukuta wa nyuma. Jioni akafungulia ile ile benga. Aliacha wimbo uishe wote bila kuongea. Halafu akaniuliza, "Hiyo besi ilikuwa huko siku zote?" Ilikuwa huko siku zote, Mjomba.

Sitawadanganya kwamba ile mashine ya laki nne ilikuwa takataka. Ilikuwa nzuri. Nobu yake ilizunguka kama imepakwa siagi, haikupiga kelele hata kidogo bila muziki, na ilikaa mezani kama kitu kinachojua thamani yake. Ukiwa na pesa na ukitaka kitu kizuri cha kutazama na kushika, nunua, hakuna dhambi. Mjomba mwenyewe alipoirudisha kwa boksi aliipapasa juu, akasema, "Lakini ni kitu kizuri, hii." Akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia anaenda kuuliza bei ya tenki la maji la lita 10,000, kwa sababu ukame wa Konza hauitaji shuka wala sarafu kuusikia.

Watu wa duka niliwatumia matokeo yote. Nikawaambia bado niko tayari kufanya video, lakini hili jaribio litakuwa ndani. Walinijibu kwa heshima kwamba hiyo si video wanayotafuta, wakatuma mtu wa pikipiki kuchukua boksi. Kodi ya mwezi huo nililipa nimechelewa, na mwenye nyumba alinipigia simu mara tatu. Hizo simu nilizishika zote.

Ninaiandika hii kwa sababu wengi wenu mko kwa umri wangu. Mshahara wa kwanza, au pesa ya kazi za intaneti, au mkopo wa simu, na mtu mwenye chaneli kama yangu anawaambia hamjawahi kusikia muziki mpaka mnunue kitu fulani. Muulizeni swali moja tu: ulipoisikia hiyo tofauti, macho yalikuwa wazi au yamefungwa? Na volti zilikuwa ngapi? Akijibu kwa hasira, weka pesa yako mfukoni.

Kama bado unaamini amplifaya yako ina kitu ambacho kopo langu la biskuti halina, mlango uko wazi. Nina shuka, nina swichi, nina sarafu. Kuja nayo Konza, tuisawazishe kwa volti mbili, ukae kwa kiti cha mjomba. Ukipata 12 kati ya 16, nitaandika hapa hapa kwamba umenishinda, kwa herufi kubwa, na chai na mandazi ni juu yangu. Ukishindwa, chai bado ni juu yangu. Ila utalipia mandazi.